Kiti cha Kumi na Sita

Handsworth,
Birmingham,
Uingereza.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Senje Rasoa, shangazi yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiamini barua hii itakukuta umeketi vizuri. U hali gani? Magoti je, yanakufikisha kanisani bila kupumzika njiani? Na jicho? Arnold aliniambia kwamba siku daktari alipokufungua bandeji, baada ya kukutoa mtoto wa jicho, neno lako la kwanza lilikuwa, "Kumbe mjukuu wangu umekonda hivi na mnanificha?" Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Cheryl akaja kuchungulia.

Sisi hatujambo. Huyo Cheryl wangu sasa amenipita kwa urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini nikimsema kwa wageni ananuna papo hapo, kwa hiyo najua anasikia kila kitu. Mimi bado niko kwenye nyumba ileile ya kutunza wazee, kule Moseley. Baridi ya mwaka huu imeniingia mabegani, ila Mungu ni mwema, imeanza kutuachia.

Barua hii utaletewa mkononi na Ronny, ndugu wa kanisani kwetu, anayekuja nyumbani kumwona mamake. Nimempa pia miwani yako ya kusomea na sweta ya Mama. Nimeandika kwa herufi kubwa kusudi usome mwenyewe. Tafadhali, Senje, usimpe Arnold akusomee. Sikutaka kupiga simu kwa sababu simu yako huko mnaiweka sauti ya juu na nyumba nzima husikia, Mama akiwemo.

Sasa habari. Akina mama wa kanisa tumepanga safari. Jumamosi tarehe 12 Aprili tutaenda upande wa Evesham, kwenye mashamba ya matunda, kutazama miti ya cheri ikichanua. Ni mwendo wa saa moja hivi. Watu wa huku hufunga safari kwenda kuona maua tu. Hawachumi kitu, wanatembea katikati ya miti, wanapiga picha, wanakunywa chai, wanarudi. Yanaanza ya plamu, halafu cheri. Na hayakai. Ukija upepo mmoja wenye mvua, ukirudi wiki inayofuata unakuta majani matupu.

Kupanga kwenyewe ungekuwepo ungecheka. Tulikaa ukumbini baada ya ibada, chai na mandazi mezani, tukabishana saa nzima juu ya sufuria. Kendi, yule rafiki yangu muuguzi, Mmeru mwenye mdomo, alishikilia lazima twende na pilau. Dereva wetu ni Djo, Mkongo, mwenye basi dogo. Alisimama mlangoni akatwambia, "Bamama, mi ninabeba bantu kumi na sita. Sufuria, non."

"Tutaikalisha kwenye kiti," Kendi akamjibu. "Na itafunga mkanda, si kama wewe."

"Ikimwagika ni wewe utapangusa?"

"Ikimwagika utakuwa umeendesha vibaya, baba."

Basi Djo akatoa karatasi, akasoma majina. Tukawa kumi na tano. Akasema kimebaki kiti kimoja, na Kendi akaruka kwamba ndicho hicho cha pilau. Mimi nikasema hapana, hicho nimekichukua.

"Cha nani, Mama Cheryl?" Djo akauliza.

"Cha ndugu yangu."

"Atapandia wapi? Hapa ao Erdington?"

"Atapandia kule," nikasema. "Wakati wa kurudi."

Djo alikuwa ameshafungua mdomo anitanie. Akanitazama, akaufunga, akaandika. Kendi akaacha kutafuna. Hakuna aliyetaja pilau tena siku ile.

Senje, unajua nani namzungumzia. Julai inayokuja itatimia miaka mitatu tangu Barnabas aanguke. Wewe uliletewa sanduku tu na maneno ya watu, kwa hiyo acha nikupe mambo kama yalivyokuwa. Nimeyabeba mpaka nimechoka.

Alikuja Aprili ile kwa viza ya miezi sita, kuchuma matunda, na wakampangia kule kule Evesham. Wiki yake ya kwanza miti ilikuwa imechanua. Akanipigia simu anacheka kama mtoto. "Mage, njoo uone. Ni kama theluji, lakini haina baridi. Njoo hata nusu siku." Nikamwambia sina nafasi. Nilikuwa nimechukua zamu za watu wawili. Akapiga wiki iliyofuata, nikamwambia vilevile. Mara ya tatu akasema, "Basi maua yameisha, utakuja kula cheri." Mwezi wa saba cheri zilipoiva alikuwa juu ya ngazi, mvua ikaanza, wenzake wakateremka wakamwita. Hakuteremka. Daktari alisema moyo ulisimama kabla hajafika chini. Ndugu yangu wa tumbo moja alikaa mwendo wa saa moja kutoka kwangu kwa miezi mitatu, na sikumwona akiwa hai.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linalonifanya niandike.

Siku ya mazishi, tulipofika langoni na sanduku, ulinivuta kando. Uliniuliza, "Mage, ulifika pale alipoangukia? Ulimwita?" Nikakwambia ndiyo. Ukauliza, "Ulimwita kwa jina gani?" Nikasema Barnabas. Ulinitazama kwa muda, ukaniachia mkono, ukaenda zako jikoni.

Senje, nilikudanganya. Sikufika. Nilikwenda chumba cha maiti tu, pamoja na watu wa kanisa. Msimamizi wa shamba, mtu mpole, alisema yuko tayari kunipeleka hadi kwenye ule mti. Nikakataa. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama, ningesimamaje mbele ya wenzangu niseme na mti? Nilijiambia mambo ya kwenda kumchukua marehemu pale alipofia, roho yake ifike nyumbani, ni ya wazee wa zamani, mimi nimeokoka. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba nikimwita atanijibu.

Tangu hapo siko peke yangu. Usifikiri naona mizimu, hapana. Ni vitu vidogo. Barabara ninayopita kwenda kazini Moseley ina miti ya cheri mitatu, imepandwa tu kando ya njia kwa urembo. Ikichanua, mimi huvuka nipite ng'ambo na kichwa chini. Mwaka jana nilifika nyumbani, nikavua kiatu, nikakuta ua moja limelala ndani, chini ya unyayo. Kiatu kilikuwa cha kufunga kamba.

Halafu Mama. Mwezi uliopita aliniambia kwa simu kwamba mbwa wanabweka langoni kila jioni, akitoka hakuna mtu. Akasema, "Barnabas hajafika bado. Anakawia nini huko?" Najua hapo nyumbani mnasema ni uzee. Nilijua nani amemfungia lango mtoto wake.

Na la mwisho ni hili. Kazini tuna bibi mmoja, Bi Hilda, ana miaka tisini na moja. Akili inakuja na kwenda. Hajui nina ndugu, sijawahi kumwambia mtu kule habari zangu. Siku moja mwezi wa pili, mchana mweupe, namnywesha chai, akatazama nyuma ya bega langu. Akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Mwambie huyo kijana wako ateremke, mvua inakuja." Nikageuka. Palikuwa na dirisha na pazia. Nikamuuliza kijana gani. Akasema, "Wa kwenye ngazi. Anauliza kama sasa una nafasi."

Senje, kikombe kiliniponyoka. Nilipangusa chai sakafuni nikilia, naye Bi Hilda akanipapasa kichwa akisema nisijali, ni kikombe tu.

Jumapili iliyofuata ndipo nilipowaambia akina mama, kwa nini tusiende kuona maua? Wote walifurahi, na hakuna aliyejua siku ile kwamba safari hii niliipanga kwa ajili ya mtu mmoja. Siku ile ya kugawana viti ndipo Kendi aliponifuata hadi kituo cha basi akaniuliza, "Unakwenda kumchukua?" Nikakubali. Nilidhani atanikemea, maana ndiye anayeongoza maombi. Akasema, "Kwetu pia wanachukuliwa. Utakuwa huruhusiwi kusema njiani, sivyo?" Nikamwambia ndivyo nilivyosikia, kwamba ukishamwita na kuchukua udongo wa pale humjibu mtu wala hugeuki nyuma mpaka ufike. Akasema, "Wewe unyamaze saa nzima, na akina mama wale wote? Nitakaa kiti cha nyuma yako. Atakayekusemesha atanijibu mimi."

Nimempigia yule msimamizi wa shamba. Bado ananikumbuka. Mti bado upo, ameniambia, na akina mama wakiwa kwenye chai atanipeleka mwenyewe.

Nimeomba sana juu ya jambo hili. Sitamwaga pombe, sitachinja, nitasali tu na kumwita. Nikajiuliza kama ni dhambi, nikakumbuka kwamba Yesu mwenyewe aliposimama kwenye kaburi la rafiki yake hakusema "wewe uliye ndani". Alimwita kwa jina. Basi na mimi nitamwita ndugu yangu kwa jina.

Lakini kwa jina lipi? Hapo ndipo nimekwama. Nakumbuka nilikuwa na miaka tisa. Barnabas alizaliwa analia, akalia siku tatu hata kunyonya hataki. Mama alikuwa ameshaokoka, akakataa kabisa mtoto kuitiwa majina ya waliokufa. Siku ya tatu, Mama alipolala kwa uchovu mchana ule, ulimbeba mtoto ukaenda naye nyuma ya jikoni. Mimi nilikufuata. Ulikuwa unamtajia majina polepole, moja baada ya jingine, na kila jina alizidi kulia. Uliponiona ukanituma maji. Niliporudi na mtungi alikuwa amenyamaza, anakutazama. Jina lililomnyamazisha unalijua wewe peke yako. Hukulisema kamwe, kwa heshima ya Mama, akabatizwa Barnabas. Ndiyo sababu ulinitazama vile pale langoni. Ulijua nimemwita kwa jina la ubatizo tu, kumbe hata hilo sikumwitia.

Nisamehe, Senje. Si kwa kumnyima yeye jina lake tu. Nilikunyima na wewe nafasi ya kunituma tena. Ungenituma, na ningekwenda, na Mama asingekuwa anachungulia langoni miaka hii yote.

Nitakuja mwenyewe Agosti na udongo huo kwenye kitambaa, tumpokee. Mama usimwambie kitu mpaka nifike. Nataka mimi ndiye nimweleze.

Nisalimie Mama, mwambie sweta ni ya rangi aipendayo. Msalimie Arnold, ale vizuri asikutie wasiwasi. Wasalimie Rita na wanawe, na jirani zetu wote wa upande wa mtoni. Cheryl anasema nikuandikie "mambo, kuku", nami najua wewe na yeye mna vichekesho vyenu nisivyoambiwa. Bwana akulinde unapoingia na unapotoka, akuongezee nuru kwenye macho hayo, na akupe siku za kumwona Barnabas akiingia nyumbani kwao.

Ronny anaondoka huko Jumamosi tarehe 5 Aprili. Mimi naingia kwenye basi tarehe 12. Si lazima uandike barua ndefu. Andika lile jina tu, kwa mkono wako, ukunje karatasi umpe. Tafadhali, Senje, nijibu upesi.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye siku zote,

Magdalene