Nani Anakaa Wapi?

Kaka,

Usininunie kwa kuchelewa kukuandikia. Huku hatujambo, mama kapaka jiko rangi mpya, kajipaka na yeye.

Mwalimu wa sanaa anataka michoro yote ya kila mwanafunzi ijibu swali moja alilolichagua. Langu ni "Nani anakaa wapi?" Nimechora viti vya mezani kwetu na watu wake. Chako kitupu.

Jana baba akaikuta michoro. Tangu mgombane ukahama, hataki jina lako litajwe. Alipofika kwenye kiti chako, aliganda. Mama akaacha kuosha vyombo. Nikajua sasa anauchana mchoro.

Akauliza taratibu, "Kwani siku hizi anakaa wapi?"

Nikadanganya kuwa sijui. Kaka, nimwambie?

Mdogo wako,
kitindamimba