Panya Waliotiwa Mafuta

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe. Mama anasema goti limekuandama na vidonge vya maumivu unavitafuna kama karanga. Simu huisikii tangu msumeno wa karakana ulipokuharibu masikio, ndiyo maana naandika.

Hapa maabara kazi yangu ni kutunza panya. Vidonge kama vyako viliwatia vidonda vya tumbo. Wale tuliowatia mafuta kwanza, vidonda vilikuwa vichache mno. Lakini wewe si panya, baba. Muone daktari.

Mwanao, kitindamimba

29 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Hatujambo, mama yako anakusalimu. Barua yako nimeifuata. Kila asubuhi najitia mafuta tumboni, nasugua mpaka yaingie, ndipo nameza vidonge. Mama yako ananicheka, eti nang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Acha acheke. Kwa kuwa tumbo sasa lina kinga, vidonge nimeongeza na goti limetulia. Kabati ninalomtengenezea mwalimu linakaribia kwisha.

Ila choo kimekuwa cheusi kama lami, na nikisimama naona kizunguzungu. Nadhani ni uchafu unatoka.

Baba yako

5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mafuta tuliwatia kwenye chakula, hatukuwapaka! Hicho cheusi ni damu. Tumbo linavuja. Usimeze hata kidonge kimoja, nenda hospitali leo hii, kabati lisubiri. Simu ya mama haipatikani na ruhusa ya kuja nimenyimwa, kwa hiyo barua nampa dereva wa basi. Naogopa, baba.

Mwanao

14 Aprili

Kitindamimba,

Marahaba. Naandika nikiwa kitandani, hospitalini. Barua yako ilinikuta nimeshaanguka karakanani. Nimeongezwa damu na vidonge nimepigwa marufuku. Goti linauma kweli kweli. Usijilaumu, Kiswahili chako kilikuwa sawa, na changu pia kilikuwa sawa.

Nikilala hapa nawaza jambo moja. Hukusema wale panya waliishia wapi, waliotiwa mafuta na wasiotiwa. Walipona?

Baba yako

18 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na pole sana. Hapana, hawakupona. Tumbo la panya halitazamwi akiwa hai, kwa hiyo tuliwaua wote, hata wale ambao matumbo yao yalikuwa salama. Nilikuwa nikiwapigia mluzi wakati wa chakula, nao wakija mbio. Nimelia, baba, na hapa hakuna wa kumweleza.

Jumamosi nitakuwa kando ya kitanda chako. Safari hii ruhusa sikuomba. Nataka nikuone unakula.

Mwanao