Salamu Zilizoikwamisha Picha ya Mtoto

Toronto, 12 Februari 2006

Mdogo wangu Neema,

Nitakuambia yote, hata yanayotutia aibu. Sisi wazima, na mdogo wetu mchanga ananyonya vizuri. Umeuliza kwa nini picha yake ilichelewa, ilhali Babu huko kwenu alitaka kumwona mjukuu kabla ya upasuaji wake.

Niliituma asubuhi kwa simu ya mkononi ya Baba. Ikifika nusu, inakwama. Kumbe kila ilipokwama, Shangazi wa mji jirani wa Pickering alikuwa amepiga: "Shikamoo kaka! Watoto hawajambo? Baridi je? Haya, picha imeenda?" Akimaliza, anapiga Mjomba.

Baba ndiye aliyegundua. "Data kama picha haina njia yake ya kudumu," akasema. "Mtandao unaipa njia kwa kitambo, ikishapita, njia hiyo wanapewa wengine. Na simu hii haiwezi mawili kwa pamoja. Tukiongea, picha inasimama."

Nilipigwa na butwaa. Tuliikwamisha wenyewe, kwa kuiulizia! Mama akawapigia wote kwa simu ya mezani: "Jamani, leo msitusalimie!" Ndipo picha ikaenda.

Tangu jana Mama hataki kuzungumzia upasuaji, nami naogopa kumuuliza. Nijibu upesi, mimi dada yako Rehema: Babu aliiona kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji?