Kibali cha Pili

Mama Shiro,

Nakuomba, haya yabaki kwako. Huko uliko usimnong'onezee mtu, hata baba yangu mkikutana, maana yeye siri ilimshinda tangu akiwa hai. Naandika kwenye meza yako. Ndiyo, walinipa mimi. Kiti bado kinalia upande wa kushoto.

Sijui kulisema hili polepole. Nimeacha kibali cha pili kife.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza hapa hospitalini Kilimani? Nilikuuliza kwa nini tusiagize dawa ya mionzi ya kupigia wagonjwa picha, ya miezi sita, tuiweke. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Wewe na digrii yako! Hii si mahindi, ati utaweka stoo. Inakufa ikikuangalia." Ukanionyesha lile kasha zito linaloletwa na ndege kila wiki, ambalo mafundi hulikamua dawa kila asubuhi kama ng'ombe, hadi linakauka. Kisha ukanionyesha faili mbili: ya mwuzaji tunayemtegemea, na ya yule ambaye karibu hatumwiti. Kila mwaka ulihuisha vibali vyote viwili vya kuingiza dawa nchini. "Jirani husalimiwa kabla chumvi haijaisha," ulisema.

Barua ya kukumbusha kuhuisha kibali cha pili ilipofika, wewe ukiwa umeshazikwa, niliona mwaka mzima hatujamwita yule wa pili. Nikajiona mwerevu. Nikaisukuma chini ya faili. Sikumwuliza mtu.

Wiki iliyopita kinu cha nyuklia kinachomlisha mwuzaji wa kwanza kilizimwa ghafla. Kasha halikuja. Nikampigia wa pili. Akasema dawa anayo, anaweza kupakia siku hiyo hiyo, nimtumie kibali tu.

Sikuwa na cha kutuma.

Tuliwarudisha wagonjwa nyumbani. Mmoja ni mwalimu kutoka Kakamega, analala kwa dada yake akisubiri picha ya mifupa, ajue kama saratani imesambaa. Alinishika mkono. "Sasa nirudi lini, binti yangu?" Nikamwambia ndege imechelewa. Mama Shiro, nilimdanganya huku mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Kesho mkurugenzi anataka maelezo. Wote wanalaumu kinu. Faili iko kwangu; nikinyamaza hakuna atakayejua, wala atakayekagua vibali, na siku moja tutawarudisha wengine. Nikisema, huenda nikafukuzwa, na mama yangu ametoka juzi tu kutoa shukrani kanisani kwa sababu ya kazi hii. Nimeandika maelezo mara nne. Mara tatu nimejificha nyuma ya kinu. Ya nne inasema ukweli, na nimeitia sahihi haraka kabla moyo haujageuka.

Ombi la kibali kipya nimelipeleka leo. Nakuahidi, nikibaki hapa, hakuna kibali kitakachokufa tena mikononi mwangu. Nikifukuzwa, nitabandika maneno yako ya chumvi ukutani kwa atakayekalia kiti hiki. Na yule mwalimu nitampigia mwenyewe, nimwambie ukweli.

Pumzika, Mama Shiro. Ukitaka kunipata, usije ndotoni. Siku hizi silali. Simu ya ofisini pia usiiamini. Jumamosi asubuhi nitakuwa Adams Arcade, kwenye mkahawa wetu, meza ya dirishani. Nitaagiza chai mbili, yako bila sukari. Kaa upande unaotazama barabara kama kawaida yako, nikuambie walivyonijibu.

Akinyi wako