Sufuria ya Kichanjani

Mwanza, 23 Februari 2025

Tata mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu tuachane matangani? Sisi huku hatujambo, mafua tu kwa watoto. Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Jirani yako Kokuberwa ameniambia tangu tumzike mama Januari unakunywa chai na kulala. Tata, utakufa.

Nimempa kondakta wa basi kapu lako. Usicheke. Ndani nimeshindilia majani makavu ya migomba na blanketi, vitunze joto. Maharage yaliyolala ndani ya maji yachemshe asubuhi nusu saa, tia ndizi, kitunguu, chumvi na mafuta. Yakitokota tena funika, tumbukiza sufuria kapuni, funga, nenda zako shambani. Usifungue mpaka jioni. Hakuna kupuliza moto, hakuna kukaa jikoni. Hata mwanamume anaweza!

Ukishindwa, Pasaka nakuja kukuchukua uje ukae na sisi. Sitanii.

Mwanao,
Joanitha

Kanoni, 6 Machi 2025

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, yaani napumua. Mvua zimeanza.

Kapu limefika. Kokuberwa alinikuta namenya ndizi kwa panga, akacheka hadi akakaa chini. Mwanamume wa Kinyambo kumenya ndizi! Mimi sikuona aibu wala sikucheka. Siku hizi sioni chochote.

Nilipika kama ulivyoagiza: kikombe cha maharage, ndizi mbili, kwenye kisufuria cha chai. Jioni nikafungua, vuguvugu, maharage magumu kama changarawe. Nimerudia mara tatu. Kapu lako ni bovu. Sasa kuku wa mama yako anatagia humo.

Kuhusu kuhama, mama yako nimemzika kwenye migomba nyuma ya nyumba. Sihami.

Baba yako

Mwanza, 13 Machi 2025

Tata,

Shikamoo. Watoto wanakusalimu, mafua bado.

Kapu si bovu. Kosa ni langu, sikukwambia kwamba sufuria lazima ijae. Chakula kidogo kinapoa kabla hakijaiva. Chukua ile sufuria kubwa ya mama, ijaze. Na kuku mtoe, jamani!

Mwanao,
Joanitha

Mwanza, 6 Aprili 2025

Tata,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita hujajibu. Kokuberwa anasema suruali unaifunga kwa kamba. Nimeogopa. Nimekata tiketi: yangu ya kuja Ijumaa Kuu, na mbili za kurudi Jumatatu. Fungasha nguo.

Mwanao,
Joanitha

Kanoni, 12 Aprili 2025

Joanitha mwanangu,

Marahaba. Natumaini watoto wamepona.

Nisamehe ukimya. Sababu ni ile sufuria. Mama yako aliiosha asubuhi ile kabla hatujampeleka hospitali, akaifudikiza kichanjani nje, panapokaukia vyombo. Tangu hapo hakuna aliyeigusa. Ulipoandika niichukue, nilikwenda kichanjani kila siku, nikaitazama, nikarudi ndani. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, nami sikutaka kuiharibu.

Jumanne niliigeuza. Chini hapakuwa na kitu, duara kavu tu kwenye fito ambapo mvua haikufika. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nikaijaza maharage, nikachemsha, nikamtoa kuku, nikaitumbukiza kapuni.

Jioni yalikuwa laini, yanapondeka kwa ulimi. Lakini sufuria nzima, na mimi mtu mmoja! Nikamwita Nsanzimana, yule anayenipalilia kahawa, ambaye naye hana wa kumpikia. Alikula sahani tatu, mimi moja. Kesho yake akaja na mkungu wake, akamenya mwenyewe. Kisu anakijua kuliko mimi. Tangu siku hiyo tunakula wote.

Usifikiri nimepona. Moyo umekufa ganzi, mwanangu, kama mguu uliokaliwa. Watu wakinipa pole naitikia tu. Ila jana saa kumi, nikiwa shambani, nilisikia kitu tumboni. Nikasimama na jembe, nikajiuliza hii ni nini. Ilikuwa njaa. Sikuwa nimeisikia tangu Januari.

Basi njoo Pasaka, utakuta sufuria imejaa. Na kati ya zile tiketi mbili za kurudi, moja irudishe.

Baba yako