Kwa Miguu Mpaka Molo

Jumapili, 3 Agosti

Mahamri yameisha kabla ya saa mbili. Nimeosha karai, nimefunga kibanda, nimebandika karatasi mlangoni: NIMESAFIRI. Jirani yangu Bi Rukia akasoma, akauliza naenda wapi. Molo. Kuna msiba? Hakuna. Harusi? Hakuna. Gari la saa ngapi? Naenda kwa miguu. Akanitazama, akaenda kuambia mtaa mzima.

Eda imeisha wiki iliyopita. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Nimemlilia Sefu wangu, ndiyo, lakini na miguu ilikuwa inalia. Nataka likizo ya kutembea. Peke yangu. Hiyo tu.

Mwanangu Faiz anataka nihamie kwake Nairobi, ghorofani. Ati siwezi kuishi peke yangu hapa Bondeni, Nakuru. Tumebishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho akasema kwa hasira: ukifika Molo kwa miguu, bila kupanda chochote, sitataja Nairobi tena. Ukipanda hata bodaboda, unafunga virago. Nilikubali kabla hajamaliza.

Jumatatu, 4 Agosti

Ngata. Hakuna mtu nchi hii anayemwacha mwanamke mzima atembee. Kila bodaboda inapunguza mwendo. "Mathe, panda tu, hata kama huna kitu." Ukikataa wananuna. Mchungaji mmoja alinihubiria kupitia dirisha la gari. Mwingine akauliza kama nimefukuzwa na mzee. Nikasema mzee amekufa. Akasimamisha gari, akanipa pole na ndizi. Ndizi nimekula.

Peke yangu gani hii? Nyumbani nilikuwa na upweke zaidi.

Nimepata chumba. Mwenye nyumba ameuliza mara mbili gari nimeliacha wapi. Faiz amepiga simu tangu asubuhi. Ya mwisho sikushika.

Jumanne, 5 Agosti

Rongai. Acha niandike hii leo, maana kesho mwenyewe sitaiamini.

Kulikuwa na baridi. Nilivaa marvin ya marehemu, ile kofia yake ya sufu, juu ya ushungi, nikafanana na kondakta mstaafu. Mchana nikasimama kwenye geti la shamba la mahindi kuomba maji. Mama wa pale akaniuliza, "Mathe, unaenda wapi?" Nikasema ukweli. "Natembea tu."

Akapiga kelele ya furaha. "Umekuja kutembea! Karibu, karibu, tulijua ni leo!"

Nikadhani ni ukarimu wa huku. Kosa langu. Kwetu sote kutembea ni kwenda kwa watu. Anayetembea tu, bila kwenda kwa watu, hana jina.

Nikaketishwa kwenye kochi lenye vitambaa. Mursik ikaja, maziwa yao ya mgando, nikanywa. Binti mrembo akaninawisha mikono, macho chini. Baba wa nyumba akaanza kunieleza masomo ya binti, tabia yake, na vile huamka mapema. Nikasema vizuri sana. Kisha akaja kuku, amejaa sinia. Sasa mimi sijui huyo kuku amechinjwa na nani, na kuuliza niliona haya. Nikasema tu, "Huyu wacha, asanteni."

Mama akaingia jikoni, nikasikia analia. Baba akaniuliza kwa upole kama ni mahari ndiyo imefanya watu wangu wabadilishe nia.

Watu wangu gani?

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanamngoja shangazi wa kijana, kutoka Nakuru, aje kumwona binti kabla ya wazee kuja rasmi. Huyo shangazi hawajawahi kumwona. Na mimi, upande mzima wa kijana, nimekataa kuku wa nyumba.

Nikaruka. "Sijakataa binti! Mimi ni Mwislamu, ni mambo ya kuchinja tu." Nikavua marvin, ushungi ukaonekana. Baba akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kumbe kijana ni Mwislamu? Na ametuambia anaimba kwaya!"

Ilichukua chai nyingi kunyoosha mambo. Tulipofika kwenye ukweli, shangazi mwenyewe akashuka kwenye bodaboda, mnene, amechelewa, ana njaa. Alikula mapaja yote mawili. Binti alinisindikiza barabarani akicheka mpaka anashika tumbo. Na mimi nilicheka. Mara ya kwanza tangu Machi.

Jumatano, 6 Agosti

Goti limevimba kama andazi. Mvua. Nimekaa Rongai chumbani nikitazama mabati.

Nimemwambia Faiz niko sawa. Hakuamini. Hata mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Sachangwan. Sijui nani alikiweka kilima hiki hapa.

Katikati ya mlima, mvua inanipiga usoni, lori la viazi likasimama. Dereva akafungua mlango. Ndani kuna joto, redio inaimba. "Mathe, utakufa na baridi. Panda." Nilishika mlango. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliinua mguu. Nilikuwa nimeshindwa, nimekubali, na Nairobi yenyewe ilianza kupendeza. Lakini ngazi ya lori iko juu, na goti likakataa kukunja. Nikajaribu tena. Likakataa. Goti gonjwa limenitunzia nyumba yangu.

Nikamwambia dereva aende tu. Kisha nikalia pale barabarani, malori yakinipigia honi.

Hapa Sachangwan nimewasomea Fatiha walioungua mwaka ule lori la mafuta lilipopinduka likalipuka. Nimemsomea na Sefu. Nimejiona mdogo. Nalala na soksi mbilimbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi sijaenda mbali, gari jeupe likaanza kunifuata kwa mwendo wa kobe, taa za dharura zinawaka. Faiz. Ameomba ruhusa kazini.

"Mama, ingia gari."

Nikatembea.

"Mama, watu wanatuangalia."

Waangalie. Mwishowe akaliegesha kwenye kituo cha petroli, akashuka na viatu vyake vya ofisi vyenye ncha. Akanifuata. Alilalamika mpaka tukaiacha barabara kuu. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Baba alikufa nikiwa kwa mkutano, simu iko silent. Sitaki nikupate hivyo."

Wiki nzima nimemkasirikia kwa kuniona kikongwe. Kumbe mtoto anaogopa. Nikamshika mkono, na akaniachia nimshike, mwanaume mzima mwenye ndevu, mbele ya wauza viazi.

Molo tumefika alasiri, ukungu umejaa. Mimi kwa miguu yangu. Yeye kwa soksi, viatu mkononi. Tumepanda matatu kurudi kuchukua gari lake, na humo ndani amenichekesha kwa kuuliza kama sasa anaruhusiwa kukaa.

Nimeshinda.

Jumamosi, 9 Agosti

Bondeni. Faiz amelala hapa. Nimemkandia malengelenge kwa maji ya chumvi, akapiga kelele kama anatahiriwa. Asubuhi nikakaanga mahamri ya nyumbani tu.

Hajataja Nairobi. Wakati wa chai nikamwachia nafasi. Hakutaja. Akifunga kamba za viatu, nikamwachia tena. "Haya mama, nitapiga simu." Nimemlea mwenyewe ashike neno lake. Kama angetaja ningekataa. Lakini angalau angetaja.

Gari likakata kona. Bi Rukia akaniuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama kweli nilifika. Nikasema nilifika.

Baada ya adhuhuri nimejinyoosha kitandani. Upande wangu, wa ukutani, kama miaka yote. Nimekaa hivyo kidogo. Kisha nikasogea katikati. Shuka la huko lilikuwa baridi. Nikapata usingizi mpaka alasiri.