Stendi ya Sabeya Katika Shamba la Cucu

Kwa Cucu Beth,
Murera.
9 Februari 2025

Mpendwa Viola, binti ya Uncle Zacharia, raia mtarajiwa wa Kanada,

Sasa? Natumaini barua hii inakukuta mzima, pua ikiwa bado mahali pake, maana nasikia baridi ya huko hukata chochote kinachojitokeza. Mgongo nao? Kuinua wazee wa watu kitandani kila siku si mchezo. Mimi ni mzima kama simiti na nimezidi kupendeza, uliza yeyote Thika. Nyanya yetu Cucu anapumua. Nimeandika hivyo makusudi.

Ningekutumia ujumbe kwa simu, lakini umeniblok. Kwa hivyo mtu aliyeachia shule Form Two amekaa chini na kalamu, na Mutheu, anayerudi huko kwenu kazini, atakupa hii mkononi. Mkono hauna blok.

Kwanza asante kwa darubini. Ile ya macho mawili, kubwa kama chupa mbili za soda za familia zilizofungwa pamoja. Ulisema yule mzee uliyemtunza alipofariki, watoto wake walikupa, lakini stendi yake ikabaki kwa uzito. Ukaniandikia, "Si wewe ni fundi? Tafuta stendi." Kweli, fundi ni mimi. Nikamwahidi Cucu ataona mashimo ya mwezi kabla ukungu haujamfunga macho kabisa. Akacheka, akasema tangu azaliwe ameona sahani tu huko juu, sasa ataona kama ina chakula.

Wacha nikufunze kidogo, wewe uliyesoma. Darubini kama hiyo haishikwi kwa mkono. Inakuza mwezi mara ishirini, na mtetemo wa mkono wako inaukuza vilevile. Niliegemea ukuta wa zizi, mwezi ukaruka kama panzi. Nikaenda Thika kwa mpiga picha wa harusi, akaniazima stendi yake nyepesi. Kuielekeza juu tu, shingo ikalegea, darubini ikainama kama mlevi anayeombewa. Nikamrudishia. Stendi ya kitu kama hiki inataka miguu mizito na shingo ngumu, tena iwe ndefu, kwa sababu ukitazama juu kabisa ni wewe unaingia chini ya darubini. Hayo nilijifunza kwa shingo yangu mwenyewe, bado inauma.

Ndipo nikamkumbuka Nzioki, anayembebea sabeya vyombo vya kupimia mashamba. Unaijua ile stendi yao ya mbao, ya manjano, miguu mitatu yenye ncha za chuma unazokanyaga zizame udongoni? Hata ng'ombe akiisukuma, haianguki. Nilimbembeleza mpaka akaniachia wikendi. Bolti yake ilikuwa nene kuliko tundu la darubini, lakini fundi wa vyuma pale Kamenu alinichongea kipande cha kuziunganisha. Viola, ilikaa kama imezaliwa hapo! Jumamosi mchana nikaisimamisha katikati ya shamba, pale tulipokuwa tumekata nyasi za nepia, mti haukuzuii. Nilitaka jua likitua Cucu akae tu kwenye kiti na kutazama, kama mke wa gavana.

Sasa wewe umezaliwa huku, huhitaji kuelezwa. Shamba la Cucu limezungukwa na ploti pande zote, lenyewe ndilo limebaki zima. Na huku kwetu ukiona ile miguu mitatu imesimama kwa shamba la mama mzee, huulizi. Unajua limeuzwa. Hata mimi ningejua hivyo. Lakini siku hiyo nilikuwa nawaza mwezi, sikuwaza ploti.

Kabla sijamtolea Cucu kiti, mpita njia alikuwa ameshapiga picha, na picha ikafika kwa grupu ya familia. Wewe ukaandika nini? Nimekariri. "Cucu, hata wewe? Sehemu ya baba isiguswe." Dunia nzima ni mtu mmoja tu angeweza kuikuza ile picha akaona kwamba kilicho juu ya stendi si chombo cha sabeya. Ni yule aliyekifungia kwa soksi zake akakituma. Nilipokueleza, ukaniita dalali. Halafu blok.

Baba yako alitoka Ruiru mbio, mtu ambaye sijui mara ya mwisho alimletea mamake mkate lini.

"Mama, unauza na huniambii?"

"Nauza nini, Zacharia? Ni ya kuangalia mwezi."

"Mwezi! Unaniona mtoto? Na huyu kijana ndiye dalali wako?"

"Uncle, si uchungulie tu," nikamwambia. "Hata hakuna kiingilio."

Nilikuambia ng'ombe haiangushi. Baba yako aliiangusha, tena na kiatu cha kanisa. Darubini ilitangulia kichwa. Akasema basi, afadhali shamba ligawanywe sasa kabla halijapotea lote. Nilingoja Cucu amtukane. Alipangusa tu mikono kwa leso na kusema, "Kama mnataka kugawa, gaweni."

Wiki iliyofuata stendi ile ile ilirudi, safari hii na chombo chake halisi juu. Nzioki hakuniangalia usoni. Mawe ya mipaka yamepandwa. Cucu amebaki na nyumba, jiko na njia ya kwenda kwa choo. Mimi, mtoto wa binti yake, hata sikuulizwa. Yenu inaanzia pale penye nepia. Hongera, ni ploti nzuri, mti haukuzuii.

Sasa nisikilize, matani kando. Kila Jumapili ulikuwa unampigia Cucu baada ya kanisa. Hata leo amekaa na simu mapajani mpaka jioni. Ikilia anauliza kama ni wewe. Anafikiri umemkasirikia, na mtu wa umri wake hajui atakasirikiwa mpaka lini. Mimi nibaki nimeblokiwa, sijali, warembo wa Juja wananitosha. Mpigie yeye. Simu yake ni ya kubonyeza, haijui hata blok ni nini.

Stendi nilitengenezewa yangu, ya paipu nzito, chini imejazwa zege. Ni tamu kuliko ya yule mzee wako, naapa. Juzi jua likitua nilimkalisha Cucu. Alitazama kwa muda mrefu. Kumbe ule mwanguko ulipindua vioo ndani, macho mawili ya darubini hayaelekei tena pamoja, kwa hivyo aliona mwezi mmoja huku na mwingine kule. Akaniuliza, "Hata huo wameshaugawa?" Akainuka, akaingia ndani. Hajatoka kutazama tena.

Nisalimie Eddie, mdogo wako, mwambie aache kufuga zile ndevu. Mutheu akikuomba chai, mpe, amebeba mzigo mzito kuliko anavyojua. Mungu akukinge na barafu na akulainishe moyo. Ningekuandikia kwamba Cucu anakusalimia, lakini hajasema hivyo. Alisema nikuulize kama huwa unakula vizuri.

Akupendaye hata ukimfungia mlango,
Ngigi